Programu Isiyodai Kodi

Jumatatu asubuhi mchoraji alisafisha kioo cha kishikwambi kwa kipande cha shuka kuukuu, akakiegemeza kwenye kopo la sukari, akaanza kuchora roshani. Meza ilikuwa ya jikoni, na mguu wake mmoja ulikuwa mfupi tangu dukani, kwa hiyo ulikalia karatasi ngumu iliyokunjwa. Upande wa pili Shangazi alikuwa akichambua maharage. Mabovu aliyatupia kwenye kifuniko cha sufuria, na kila lilipogonga bati mchoraji alipepesa macho, kwani miaka yote alikuwa amefanya kazi juu ya ngazi, peke yake na ukuta.

Alikuwa mchoraji wa mabango. Mkono wake uliandika majina ya saluni, maduka ya dawa na shule za udereva, na ulichora meno mengi kuliko ambayo daktari wa meno yeyote amewahi kuyang'oa. Lakini siku hizi wateja hawataki ngazi wala makopo ya rangi. Wanataka faili. Kampuni moja ya nyumba ilimpa kazi ya kuchora, kwa ajili ya bango kubwa, majengo ambayo yalikuwa bado hayajajengwa, pamoja na miti yake na anga lake la buluu. Meneja wa mauzo, ambaye ofisini kwao walimbandika jina la Kesho Asubuhi kwa sababu kila kitu alikitaka wakati huo, alimwambia achague mwenyewe programu ya kuchorea. Yeye alitaka tu faili iwe kubwa ya kutosha mashine ya uchapaji, na iwe tayari Ijumaa ya mwisho wa mwezi.

Majengo hayo yangesimama nyuma ya kiwanda cha sabuni, na nyuma ya kiwanda cha sabuni zamani palikuwa na mtaa. Mchoraji alilelewa pale na Shangazi, katika chumba ambacho dirisha lake lilitazama mfereji wenye povu. Kisha mtaa ukabomolewa kwa matinga. Kampuni iliwaambia watu kwa kipaza sauti kwamba majengo mapya yakikamilika, wao ndio watakuwa wa kwanza kurudi. Waliondoka na magodoro yao, wakatawanyika kwa watoto, kwa shemeji, kwa marafiki wenye stoo, na kipaza sauti hakikusikika tena. Shangazi alipoambiwa kazi ni ya nani, hakuguna. Alisema tu kwamba roshani zichorwe pana.

Roshani ya tatu ilipopata ukingo, palikuwa na mwanamke ameketi pale nyuma ya cherehani. Mchoraji hakuwa amemchora. Alimtambua kwa namna alivyobana pini mdomoni: alikuwa Mama Pindo, fundi wa nguo wa mtaani kwao, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hata ukimpelekea shati lililochanika kwapa, yeye huanza kwa kukagua pindo.

"Mama Pindo, shikamoo," mchoraji alisema.

"Marahaba, mwanangu. Huu ukingo uinue kidogo, mkasi usije ukamwangukia mtu."

Mchoraji aliuinua. Shangazi aliacha maharage, akaja kuinama juu ya kioo, na wanawake wale wawili wakasalimiana kirefu, maana hawakuwa wameonana tangu siku ya matinga. Waliulizana habari za magoti kwanza, ndipo wakaja kwenye habari za watoto. Hakuna aliyemuuliza Mama Pindo ameingiaje. Mtu haulizwi ameingiaje kwake.

Kufikia katikati ya wiki roshani nyingi zilikuwa na wenyewe. Walifika asubuhi wakapiga hodi mlangoni kwa mchoraji, wakapokea chai, wakaingia kupitia pembe ya chini ya kioo, pale lilipochorwa geti. Jioni walitoka wakarudi huko walikohifadhiwa. Mama Pindo alikuwa akilala kwenye stoo ya bintiye, kati ya matairi. Walipotoka waliacha sura zao kwenye roshani, kama mtu anavyoacha koti kwenye msumari kuonyesha kwamba atarudi. Mchoraji aliona jambo hilo linamrahisishia kazi, kwa sababu watu ndio waliomsumbua siku zote kuwachora, hasa vidole.

Programu aliyokuwa akitumia ilikuwa ya bure, na ilikuwa na tabia za vitu vya bure. Kila mara tangazo lilijitokeza angani, juu ya mapaa, likapiga muziki na kusifu mafuta ya nywele. Wakazi walisubiri liishe huku wameziba masikio. Mama Pindo, ambaye nywele zake zilikuwa zimebaki chache na ameridhika nazo, alisema tangazo lile linamsema yeye. Lakini ubaya mkubwa ulikuwa turubai lake, uwanja wa kuchorea, kuwa dogo. Mchoraji alipoikuza picha ifikie kimo cha bango, kila kitu kiligeuka vigae. Nyuso zikaota pembe. Sindano ya Mama Pindo ikawa ngazi, na tundu lake halikupitisha uzi.

"Hapa nitawaharibia watu nguo," Mama Pindo alisema.

Mchoraji alikubaliana naye, kwani hata yeye asingethubutu kumpelekea mchapaji kitu kile. Aliwaomba watu watoke na sura zao, akaifuta programu. Walitoka mmoja mmoja wakijipangusa miguu kwenye kitambaa cha mlangoni, na Shangazi akaongeza maji kwenye birika.

Programu ya pili ndiyo iliyosifiwa na kila mtu wa fani. Mchoraji alipoifungua moyo ulimruka. Ilikuwa na brashi ya mvua, ya moshi, ya kutu, na moja iliyoburuza rangi sawasawa na brashi yake ya manyoya aliyoiangusha zamani ndani ya tangi la maji la benki. Matabaka hayakuwa na mwisho: ungeweka anga kwenye tabaka moja, miti kwenye jingine, hata vivuli vya miti vikawa na tabaka lake, na kila kimoja ukakisogeza bila kukigusa kingine. Mkono ukitetemeka, programu iliunyoosha mstari bila kukuaibisha. Kwa siku chache mchoraji alifanya kazi akiimba, jambo ambalo Shangazi alimwomba apunguze. Mapazia yalianza kupepea. Mzee Redio, ambaye mtaani alikuwa akitengeneza redio na kuzisikiliza zote kwa pamoja, alifika na waya zake, akasema hajawahi kuona mwanga mzuri namna ile wa kulehemu.

Ila programu ile ilikuwa ya kukodi. Ulilipia kila mwezi, na ilitaka intaneti ili ihakikishe kwamba wewe bado ni wewe. Alasiri moja intaneti ya jengo zima ikakatika. Kufuli dogo la kijivu likatokea katikati ya picha, na maandishi ya upole yakamtaka mchoraji athibitishe usajili wake. Ndani, watu waliacha walichokuwa wakifanya. Mzee Redio, aliyetaka kuwahi dawa yake ya presha, alijaribu geti, akajaribu dirisha, kisha akaacha. Intaneti iliporudi, mchoraji aliwakuta wote wamekusanya vitu vyao karibu na geti, wamevikalia. Mkao ule aliujua. Aliuona siku ya matinga. Alifungua geti haraka, akawasaidia kutoka.

"Kodi ya kila mwezi tena?" Mzee Redio aliuliza huku akikung'uta viatu. "Na ukichelewa unapigwa kufuli?"

"Ndivyo ilivyo siku hizi, mzee wangu."

"Ndivyo ilivyokuwa hata zamani, binti. Mimi nilidhani kwenye picha wamestaarabika."

Programu ya tatu ilitajwa na mchapaji, kwa simu, huku mashine zake zikinguruma. Hii ulinunua mara moja ikawa yako. Intaneti haikuhitaji. Rangi za uchapaji ilizijua, zile tulivu ambazo hutoka kwenye mashine vilevile ulivyoziona, badala ya zile zinazong'aa kwenye kioo halafu karatasini zikanywea. Lakini sura yake, Mungu aisamehe. Vitufe vyake vilifanana na vya mashine ya kufulia. Brashi zake zilikuwa kavu, na moja tu ndiyo ilikuwa na maana, pana na ngumu, ambayo mchoraji aliiita fagio. Mkono ukitetemeka, ulitetemeka peupe. Na kwa picha ya ukubwa wa bango, programu ile ilitoa matabaka machache tu, yakijaa imekwisha.

Mchoraji alikaa na programu hizo mbili siku nzima, akichora roshani ileile kwa moja kisha kwa nyingine. Mkono ulikuwa ukikimbilia ya kukodi bila kuambiwa. Pale ulicheza, huku ulikuwa kibarua. Na hii ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa ya kishikwambi, ambayo ingekuja kumwitia kazi nyingine au kumrudisha kwenye ngazi, na magoti yake yalikuwa hayataki tena habari za ngazi. Alimweleza Shangazi yote hayo. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa mtu wa kusikiliza mpaka mwisho.

"Mkono wako naupenda, mwanangu, mimi ndiye niliyeulisha," alisema. "Lakini mkono una pa kulala."

Mchoraji akanunua ya tatu.

Mkono ulinuna wiki nzima. Baadaye ukazoea fagio, ukagundua kwamba ukilibonyeza kwa ubavu linatoa plasta ya kweli, yenye mikwaruzo, ukuta ambao mtu anaweza kupigilia msumari. Wakazi walirudi na vitu vyao. Mama Pindo alitunga uzi mara ya kwanza tu. Mzee Redio alipandisha waya juu ya paa, na jikoni kwa mchoraji zikaanza kusikika taarifa za habari kutoka ndani ya kioo, chini chini, pamoja na vicheko. Shangazi naye siku moja alivua kandambili, akafunga kitambaa kichwani, akaingia. Alichagua roshani ya pembeni inayopata jua la asubuhi. Aliporudi jioni alikuwa na rangi kidogo kisiginoni na alikula sahani mbili. Mchoraji alifurahi kuliko alivyokuwa amefurahi kwa muda mrefu, na hakulificha. Alimwambia.

Tatizo lilikuwa moja, nalo ni raba. Siku moja kalamu ilimponyoka bila yeye kuona, raba ikala mkono wa koti kwenye sura aliyoiacha Mzee Redio. Kesho yake mzee alifika na koti la mkono mmoja, akilalamika baridi. Mchoraji alimchorea mwingine, ila mistari ya kitambaa haikukutana begani, na mzee akawa anasema ule mkono si wake kabisa, unamwasha. Tangu hapo kila mtu alijua raba ni kitu gani, na mchoraji alipoishika waliacha kuzungumza.

Siku mbili kabla ya Ijumaa, meneja alikuja kuangalia kazi. Alisimama nyuma ya kiti cha mchoraji, mkoba kifuani, akasifu anga. Akasifu miti. Kisha akainama.

"Hawa ni nani?"

"Wa pale."

"Pale wapi? Pale hakuna mtu, tumesafisha."

Mama Pindo alimsalimia kutoka roshani ya tatu. Meneja alikuwa kijana aliyelelewa vizuri, akamwamkia kwa heshima zote, akamuuliza hali. Akageuka kwa mchoraji akasema mama yule afutwe. Wote wafutwe. Hakuwa na ubaya nao, alisema, ni kwamba hawafanani na wateja. Mteja anataka kujiona mwenyewe kwenye picha. Wawekwe mume na mke wenye meno mazuri, getini, wameshika ufunguo.

"Nikiwafuta watafutika," mchoraji alimweleza.

"Ndiyo maana ya kufuta, dada," meneja alisema. "Ijumaa. Ikiwezekana, kesho asubuhi."

Alipoondoka, redio za ndani zilizimwa. Mchoraji alisema atawahamisha. Atawafungulia turubai lao wenyewe, awapeleke wote na cherehani na waya, na picha ya kampuni itabaki na kuta zake. Shangazi alimuuliza atawaweka wapi huko, kwenye weupe mtupu bila hata ukuta? Mchoraji alisema atawachorea nyumba nyingine, nzuri zaidi, tena yenye bustani.

"Waliambiwa hivyohivyo," Shangazi alisema, bila hasira. "Nyingine, nzuri zaidi. Wao wanataka ileile."

Mchoraji hakulala vizuri usiku huo wala uliofuata. Ijumaa asubuhi aliketi mezani na uamuzi wa kuwahamisha, kwa kuwa hakuwa na mwingine, na watu ndani walikuwa wameshaanza kufunga mizigo. Alianza na wale mume na mke wa getini ili machozi yatakapomjia wakati wa kuwahamisha, asiwe na kingine cha kuchora. Walihitaji tabaka lao. Programu ikakataa: matabaka yametosha. Ikamshauri aunganishe mawili ya zamani yawe moja, apate nafasi.

Sasa, mtu aliyesomea kishikwambi huliwekea kila tabaka jina: anga, miti, ukuta, watu. Mchoraji alitoka kwenye kuta. Ukuta ni mmoja, na rangi iliyokwenda chini huna haja ya kuiita jina, haiitiki. Kwa hiyo matabaka yake yote yaliitwa Tabaka Jipya, kama programu yenyewe ilivyoyaita, na kwa kawaida aliyatofautisha kwa kuyakumbuka. Asubuhi ile kumbukumbu ilikuwa na mambo mengine. Alitaka kuunganisha miti na anga. Akaunganisha watu na ukuta. Kisha akafanya kile ambacho kila mchora mabango hufanya akimaliza mkono mmoja wa rangi: alisogea nyuma, akajifuta vidole, akaifunika kazi isiingie vumbi. Alikifunga kishikwambi. Na programu ile, ikifungwa, huhifadhi kila kitu na kusahau njia ya kurudi nyuma.

Alipokifungua, Mama Pindo alikuwa akikanyaga zulia la roshani yake kwa kisigino, akijaribu kitu.

"Leo sakafu ni ngumu," alisema. "Umefanya nini?"

Mchoraji alitazama matabaka, akayatazama tena. Alicheka peke yake, akaketi, akamwita Shangazi.

Meneja alifika saa ya chai. Simu yake ilikuwa sikioni, mchapaji akimweleza kwamba mashine imeshawashwa na karatasi imeshapanda. Aliwaona mume na mke getini na akaridhika na meno. Akawaona wengine. Mchoraji alimweleza kilichotokea, naye hakuamini, akaichukua kalamu mwenyewe, akachagua raba, akaanza kumfuta Mama Pindo kuanzia meza ya cherehani. Meza ilitoka. Pamoja na meza ukatoka ukuta, na kwenye tundu likaonekana anga. Mama Pindo alinyanyua miguu.

"Angalia baridi inavyoingia," alimwambia. "Wewe hukufundishwa kufunga mlango?"

Meneja akabonyeza kitufe cha kurudi nyuma, ukuta ukarudi, na meza ikarudi nao. Alijaribu kwa Mzee Redio na ubao wa roshani ukakatika. Alijaribu kwa Shangazi, kwa upole zaidi kwa sababu mwenyewe alikuwa pale mezani akimmiminia chai, na nusu ya ghorofa ikatoweka. Ghorofa ndiyo aliyokuwa akiuza. Aliirudisha, akaweka kalamu chini, akanywa chai akifikiri, na mchapaji akawa anaita kwenye simu. Mchoraji alikuwa ameshikilia ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Basi waache," meneja alisema mwishowe. "Tutasema ni wahudumu."

Ndivyo picha ilivyochapwa. Bango lilisimamishwa mbele ya kiwanja, kwenye nguzo za chuma, na ilikuwa kazi nzuri, hata waliochukia kampuni walikiri. Pale juu palikuwa na nafasi kuliko kwenye kishikwambi, na wakazi wakahamia moja kwa moja, na vyombo, na wengine wakaacha kabisa kurudi kwenye stoo za watoto wao. Hawakulipa kitu kwa mtu yeyote. Mume na mke wa getini, ambao walikuwa rangi tu, hawakusogea wala kusema. Mama Pindo aliwasifu kwamba ni majirani wasio na makuu.

Nyuma ya bango majengo ya kweli yalipanda. Wakazi waliyatazama kwa makini, wakasema roshani zake ni nyembamba. Yalipokamilika, walivaa vizuri wakaenda ofisini kuuliza kuhusu ile ahadi ya kurudi wa kwanza. Shangazi alitangulia, maana ndiye aliyekuwa na sauti. Karani aliwakaribisha viti, akawauliza kwa sasa wanaishi wapi.

"Pale bangoni," alijibu Mzee Redio, ambaye uongo haumkai mdomoni.

Karani aligeuka kutazama dirishani. Bango lilionekana vizuri kabisa, na nguo zilikuwa zimeanikwa.

"Basi mna mahali, mzee," alisema. "Tunawapa kipaumbele wasio na mahali."

"Na wao wamepewa?"

"Hawajajitokeza."

Wakarudi. Shangazi alikasirika mpaka jua lilipozama, kisha akapika. Nyumba zilinunuliwa na watu waliokuja na magari, watu wasio na ubaya wowote. Walipogundua kwamba madirisha ni makubwa kuliko mapazia yao, walimwomba Mama Pindo awashonee, wakampandishia vitambaa kwa ngazi ya mafundi wa umeme. Alishona mapazia ya karibu kila nyumba mle ndani. Mlinzi wa geti la kweli, ambaye aliagizwa asiruhusu mtu asiye mkazi, hakuwahi kumruhusu kupita kwenda kuyatundika, na baada ya kumkatalia alimwomba ampunguzie suruali.

Shangazi sasa hulala bangoni siku nyingi. Siku ya kuja nyumbani kwa mchoraji huleta habari, na kama ni wiki ya mvua huja na viatu mkononi. Mchoraji humkosa, jikoni ni pakubwa mno kwa mtu mmoja, lakini hujipitisha chini ya lile bango akitoka dukani, wakapiga soga kwa sauti kubwa, yeye chini na Shangazi juu, mpaka magari yanapiga honi. Kazi zilimjia. Alichora meno kwa fagio, alichora viatu, alichora maziwa. Hakupanda tena ngazi.

Halafu meneja akarudi. Alikuwa amepandishwa cheo na kunenepa kidogo, na alikuwa na kazi kubwa kuliko ile ya kwanza: majengo mengine, nyuma ya soko la mbao. Pale sasa palikuwa na mtaa, ila si kwa muda mrefu. Wenyewe walikuwa bado hawajaambiwa, alisema, na akamwomba mchoraji naye asiwaambie, wangeambiwa wakati ukifika, kwa kipaza sauti. Akamwomba pia atumie programu ileile. Wanunuzi waliwapenda wale wahudumu.

Mchoraji aliiwazia kazi ile alasiri nzima. Alijua akiikataa itakwenda kwa mtu mwingine, fundi mzuri, mwenye ile programu ya kukodi yenye kufuli la kijivu. Alimpigia meneja akamwambia ataifanya.

Asubuhi alifungua turubai jipya, kubwa, jeupe. Hakuwa amechora hata mstari. Aliinuka kuweka birika la chai motoni, akarudi, akakuta weupe wote umejaa watu. Walisimama na magodoro, mabeseni, kabati lenye kioo, kuku wawili kwenye kikapu, wakiwa hawana pa kuviweka, wakitazama huku na huku. Karibu na pembe ya chini alikuwepo muuza maziwa wake, mama wa nyuma ya soko la mbao, aliyempitia mlangoni saa moja iliyopita na kumwambia kwa furaha kwamba jana hatimaye amepaka mlango wa nyumba yake rangi. Alikuwa ameubeba mlango huo mgongoni. Ulikuwa wa kijani na bado mbichi.

"Niuweke wapi?" aliuliza.

Mchoraji alimwambia ausimamishe hapo kando kwanza, asije akachafua gauni lake. Akachukua fagio, akaanza na sakafu.